Nilivyomsalimia Kabula kwa Kisukuma

Alhamisi. Manyunyu tangu alfajiri, na ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Mlima haupo. Wenyeji wa Moshi wameshazoea, mimi bado. Kitu kikubwa namna ile kinawezaje kutoweka siku nzima na mtu asishtuke?

Leo simwamini mtu.

Hata wewe unayesoma hapa sikujui, kwa hiyo tuelewane mapema. Majina si ya kweli. Kijiji sikitaji. Ni kwenye miteremko hii, kati ya Marangu na Mwika, na hapo naishia. Kama unadhani unawajua watu hawa, huwajui.

(Naongeza maneno haya siku ninapoiweka hewani: niliandika siku ile ile, nikaificha muda mrefu. Naitoa sasa kwa kuwa wenyewe hawaishi tena huku, na bibi utakayemsoma hapa ndiye aliyeniambia niitoe.)

Mimi ni afisa ustawi wa jamii. Kwa maneno mepesi, naingia kwenye nyumba za watu bila kualikwa, nauliza mambo ambayo ndugu zao hawathubutu kuyauliza. Nilizaliwa usukumani, ajira ndiyo iliyonileta Kilimanjaro. Huku juu wana neno lao kwa mtu asiye Mchagga: chasaka. Si kila mara wanalisema kwa ubaya, lakini sikio langu hulidaka hata likisemwa nyuma ya ukuta.

Kule tambarare, kwenye mashamba ya miwa, nina familia za kila kona ya nchi. Wanyaturu, Waha, Wamakonde, Wagogo. Kwenye nyumba moja ukimuuliza mama ana watoto wangapi anakuona mchawi, kwenye nyumba ya pili usipouliza anakuona huna adabu. Huku juu kuna wenyeji wenye vihamba vyao vya migomba na kahawa, na kila mwaka vijana wao wengi zaidi wanaoa huko mbali wanakokwenda kutafuta maisha. Semina tumehudhuria. Tuliambiwa tuheshimu utamaduni wa familia kabla ya kuihukumu, tukapiga makofi, tukala wali kuku tukarudi makazini.

Mimi nilirudi na wasiwasi ambao sikuusema. Nimeshaona mtu akiitundika mila mlangoni kama pazia, na nyuma ya pazia kuna mtoto mwenye alama za mkanda mgongoni. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia "hii ni mila yetu," kwanza nachungulia nyuma yake.

Ndivyo nilivyochungulia na safari hii.

Wiki iliyopita alinipigia Neema, muuguzi wa zahanati moja huko juu. Alikuwa na wasiwasi na mama mmoja kijana, Kabula, Msukuma aliyeolewa na Elibariki, kijana wa kule anayeongoza wageni mlimani. Kabula alihudhuria kliniki mimba yote bila kukosa. Kisha akajifungulia nyumbani, na tangu hapo hakuonekana. Mtoto hakuletwa chanjo. Neema alipofika nyumbani, mama mkwe alimzuia uani akamwambia mzazi hatoki.

Hilo peke yake si la ajabu. Wachagga wana utaratibu wao wa uzazi na ni mzuri, natamani kwetu ungekuwapo. Mwanamke akijifungua anakaa ndani karibu miezi mitatu, hashiki jembe, hashiki ndoo. Analetewa mtori wa ndizi, analetewa maziwa, analetewa mlaso, ile damu ya mnyama iliyopikwa kwa maziwa na mafuta. Anatoka amenawiri. Lakini mzazi wa siku hizi anashuka kliniki, amejifunika vizuri, na mama mkwe ndiye anayembebea mtoto. Huyu hakushuka.

Na majirani walikuwa wanamsikia akilia.

Mwenye duka alimwambia Neema kwamba yule bibi hakutaka mkwe kutoka mbali. Mwanamke mwingine akaongeza kwamba Elibariki amekimbilia mlimani makusudi, hataki kurudi nyumbani. Wa tatu akanong'ona kwamba hakuna mtoto pale, walishamzika nyuma kwenye migomba.

Bosi wangu alinipa kazi ile hata kabla sijakaa vizuri kwenye kiti. "Wewe ndiye wa kumwendea," alisema. "Msukuma mwenzake. Atakufungukia."

Nilikubaliana naye. Hata niliona fahari.

Jumanne nilipanda na bodaboda mpaka njia ilipokataa, nikamalizia kwa miguu kando ya mfereji. Nilimkuta mama mkwe, nimwite Bibi Aikande, akikatakata mgomba wa kulisha ng'ombe kwa panga. Mjane, mrefu, kitambaa cha umoja wa akina mama wa usharika kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuacha kukata. "Umetumwa na nani?"

Hakusema karibu. Kwenye mlima huu, mgeni hata akija kudai atapewa kiti kwanza, na chai, na ndizi mbivu. Mimi nilisukumiwa kigoda kando ya banda la ng'ombe, matone ya bati yakiniangukia begani.

Nikasema nimekuja kumjulia hali mzazi.

"Mzazi anapumzika. Kwetu mzazi hatoki. Hamlijui hilo huko ofisini?"

"Tunalijua, mama. Naomba nimwone tu, hata mlangoni."

"Mzazi haonwi na mtu wa kuja."

Huku akinijibu, mimi nilikuwa natazama. Dirisha la chumba cha nyuma lilikuwa limezibwa kwa blanketi kutokea ndani, hakuna hata ufa wa mwanga. Mlango wa chumba hicho ulikuwa umetengenezwa upya, vumbi la msumeno bado liko chini. Na kamba ya kuanikia nguo ilikuwa na mashuka, kanga, soksi za mwanaume. Nepi haikuwapo hata moja.

Nyumba yenye mtoto mchanga haiwezi kukosa nepi kwenye kamba. Maneno ya yule mwanamke wa tatu yakanirudia.

Ndipo nilipofanya nililotumwa kufanya. Niligeukia lile dirisha nikapaza sauti.

"Mwadila, Kabula!"

Kwetu ndiyo salamu ya mchana. Nikaendelea kwa Kisukuma, kwa upole wote nilionao. Nikamwambia mimi ni mtu wa nyumbani. Nimesikia amejifungua. Nimekuja kumwona mtoto.

Ndani kitu cha bati kilianguka. Mtoto akalia. Kilio kikakatika katikati, jinsi kinavyokatika mkono ukiwekwa mdomoni.

Bibi Aikande akasimama, panga bado liko mkononi. Hakuliinua. Wala hakuliweka chini.

"Umemwambia nini?"

"Nimemsalimia tu, mama."

"Ondoka hapa kwangu."

Niliteremka nikiwa na uhakika. Nimejiuliza leo kutwa nzima ule uhakika niliutoa wapi. Mwanamke amefungiwa, mtoto anazibwa mdomo, na bibi mwenye panga anaita yote hayo mila. Mpaka nafika barabarani nilikuwa nimeshamhukumu.

Jana bosi akakubali niende na askari wa kata pamoja na mwenyekiti wa kitongoji. Nilimpigia mwenyekiti nikamsihi asimwambie mtu yeyote. Akasikitika. "Mwanangu, mimi ni kiongozi." Jioni, mjini kabisa, dereva wa bodaboda ninayempanda kila siku akaniuliza kama ni kweli kesho tunakwenda kumtoa yule mwanamke.

Hapo nilipaswa kusimamisha kila kitu. Sikusimamisha.

Leo asubuhi tulipofika, watu walikuwa wameshajipanga kando ya njia. Wengine na miamvuli, wengine wamejifunika majani ya migomba. Wanawake wenye mikono mifukoni mwa sweta, wazee wenye fimbo, na mwanaume mmoja mwenye koti la mvua la bluu ambaye sikuwahi kumwona. Mwenyekiti aliwasalimia mmoja mmoja kama yuko harusini.

Mlango ulikuwa wazi.

Niliingia peke yangu, niliwaomba wanaume wabaki uani. Chumba cha nyuma kilikuwa kitupu. Kitanda kilikuwa bado na joto, nililigusa shuka. Kwenye kona kulikuwa na jiko la mkaa, na juu yake kamba imefungwa ukutani kwa ukutani, imejaa nepi. Nyeupe, safi, zinakauka kwa moshi ndani ya chumba kilichozibwa dirisha. Mtu aliyezianika hapo hakutaka yeyote njiani ajue kwamba kuna mtoto.

Kisha nikaugeuza ule mlango mpya nikaona komeo. Komeo kubwa la chuma, la kuzuia mtu mwenye nguvu.

Lilikuwa upande wa ndani.

Nilisimama pale nikilitazama. Mtu aliyefungiwa hajikomei mwenyewe.

Bibi Aikande alikuwa jikoni, amekaa kwenye kigoda, mikono imelala mapajani. Hakuwa analia. Nilichuchumaa mbele yake.

"Mama, yuko wapi?"

"Umemfukuza wewe." Alisema polepole, Kiswahili chake kizito cha mlimani. "Tangu ulipoita kwa hiyo lugha yenu hajala. Hajalala. Nilimwambia nitawazuia hata kwa mwili wangu, akasema, mama, huwawezi, wamenifikia."

"Nani wamemfikia?"

Alinitazama muda mrefu. Nadhani alikuwa anapima kama mimi ni mjinga au ni mwovu. Mwisho akaegemea sikioni kwangu.

"Mtoto ni mweupe."

Sikuelewa. Nikafikiri anasema rangi tu, maji ya kunde, kama watoto wengi wanavyozaliwa.

"Mweupe," akarudia, akajigusa ngozi ya mkono, kisha nywele zilizochungulia chini ya kitambaa. "Yote. Mpaka kope."

Ndipo nilipoelewa, nikakaa chini kwenye udongo wa jiko.

Aliniambia mengine kwa haraka, huku akitupia jicho mlangoni. Kabula alipokuwa msichana mdogo, jirani yao alikuwa na mtoto mwenye ualbino. Jioni moja watu wakaja. Hawakuvunja mlango. Walipiga hodi, wakasalimia vizuri, kwa Kisukuma, wakasema ni watu wa nyumbani, wametoka kijiji cha pili, wamekuja kumwona mtoto. Mama akawafungulia.

Bibi akaishia hapo, nami naishia hapo. Mtu yeyote wa kwetu anajua kilichofuata, na sitakiandika.

Nimekuja kumwona mtoto. Ndivyo nilivyosema mimi pia, tena kwa upole wote nilionao.

Ninataka kuandika kwamba sisi si hivyo. Sisi ni watu wengi, tunalima, tunasomesha, tunalea watoto wa ndugu bila kuambiwa, na wale walikuwa waovu wachache waliodanganywa na waovu wenzao. Ni kweli kabisa. Lakini kwa mtu aliyekuwa mtoto kwenye nyumba ya jirani siku ile, ukweli huo haufungi mlango. Yeye anajua sauti tu. Na sauti ile ninayo mimi.

"Vipi huko ndani?" Mwenyekiti aliita kutoka uani. "Yupo, hayupo?"

Bibi Aikande akanikazia macho. Hakuniomba kitu. Alikuwa anangoja kuona nitafanya nini, na nilijua kwamba chochote nitakachofanya hakitafutika.

Kazi yangu inataka nitoe taarifa. Askari yuko pale, kiongozi wa serikali yuko pale. Ningesema neno moja na mtoto yule angekuwa chini ya ulinzi. Na kabla ya saa ya chakula cha mchana, njia nzima ingejua. Mwenye duka, madereva wa bodaboda, mjini, na huko mbali ambako wapo wanaoweza kuuliza nauli ya kufika huku.

Nikatoka.

"Mama na mtoto wako salama," nilisema. "Wamekwenda kwa ndugu. Ni mimi nilielewa vibaya."

"Ulielewa vibaya?" Mwenyekiti alitazama viatu vyake vilivyojaa tope. "Umetupandisha huku wote, na askari, kwa kuelewa vibaya?"

"Ni mila yao ya uzazi. Mimi si mwenyeji, sikuifahamu vizuri. Namwomba radhi bibi, nawaomba radhi na ninyi."

Mwanamke mmoja chini ya mwavuli akacheka. "Chasaka huyu!" Wengine wakamfuatia. Askari akajipangusa buti kwenye nyasi bila kuniangalia. Nami nikabaki pale uani nimeshikilia lile pazia la mila kwa mikono miwili, mimi niliyekuwa nimekuja kulichana.

Yule mwenye koti la bluu hakucheka.

"Kwani mtoto ana nini?" akauliza.

"Hana kitu."

"Mbona wanamficha?"

"Hawamfichi. Mzazi anapumzika."

Akatikisa kichwa akaondoka na wenzake. Nimeihifadhi sura yake. Labda ni jirani tu mwenye mdomo. Labda ni fundi anayejenga hapo karibu. Nimejiambia hivyo mara nyingi tangu asubuhi na haijanisaidia.

Walipokwisha kuteremka wote nikarudi jikoni. Mwenyekiti alikuwa ametaka nifuatane nao, nikamwambia nabaki kumtuliza bibi. Bibi Aikande alitoka akaenda mpaka kwenye mfereji, akasimama huko kwenye mvua, akarudi.

"Wamekwenda kweli," alisema.

"Sitakuuliza alipo, mama."

Alichukua majani akaenda bandani kuwapa ng'ombe, nami nikamfuata kwa kuwa sikujua la kufanya na mikono yangu. Nikashika fungu moja nikamsaidia. Ng'ombe walitafuna.

Sauti ikatoka juu yetu, kwenye dari wanapoweka majani makavu.

"Mama. Mwambie asiongee Kisukuma."

Bibi akanigeukia kana kwamba sikusikia. "Anasema usiongee Kisukuma."

"Sitaongea," nikajibu kwa Kiswahili.

"Mwambie akae hapo hapo. Asisogelee ngazi."

Nilikaa kwenye ukingo wa hori, mgongo kwenye ngazi. Ni mimi niliyeugeuza mgongo, hakuniambia.

Akaanza kuniuliza, na safari hii hakupitia kwa bibi. Nani alinipa jina lake? Nikamwambia, muuguzi. Nani mwingine analijua? Bosi wangu. Ninatoka wapi huko kwetu? Nikamtajia. Baba yangu anaitwa nani? Nikamtajia. Nina ndugu huku? Sina.

"Sijui kama unasema kweli," alisema.

"Huwezi kujua."

Juu nilisikia majani yakisogea, na sauti ndogo ya kunyonya. Nadhani ndiyo sauti niliyoishika vizuri kuliko zote leo.

"Una mtoto?"

"Ninaye."

"Angekuwa kama wangu, ungemwambia nani?"

Majibu ya semina yalikuja yote mdomoni, yamejipanga. Kuna vyama vya watu wenye ualbino. Kuna hospitali. Kuna dawati la polisi. Yote ni ya kweli na mazuri. Lakini nilikumbuka mwenyekiti wangu kiongozi. Nikakumbuka ofisi yetu, jinsi tunavyosimulia habari za nyumba za watu tukinywa chai, mlango wazi, mwenye kuleta vitumbua amesimama anangoja vyombo vyake.

"Nisingemwambia mtu," nilisema.

"Hata ofisini kwako?"

"Hata ofisini kwangu."

Sijui kama jibu langu lilikuwa la kitaaluma. Najua lilikuwa la kweli, na Kabula alilisikia hivyo, kwa sababu swali lililofuata lilikuwa tofauti. Liliulizwa kwa sauti ya chini, haraka, kama mtu aliyekaa nalo muda mrefu.

"Macho yake yanachezacheza. Hayatulii. Ni degedege?"

Nusura nisahau nigeuke. Nikajizuia. "Hapana. Si degedege. Watoto wengi wenye ualbino macho yao hucheza hivyo. Anahitaji kupimwa na mtaalamu wa macho, labda avae miwani akikua. Hafi kwa hilo."

"Una uhakika?"

"Kwa hilo nina uhakika."

Akaanza kulia. Tangu siku ya kujifungua alikuwa akiyatazama macho yale gizani, kwa mwanga wa mkaa, akisubiri mtoto akakamae mikononi mwake, na hakuwa na mtu wa kumuuliza. Kilio walichokisikia majirani kilikuwa hicho.

Baada ya hapo tuliongea vizuri zaidi, kwa kadiri wanawake wawili wanavyoweza kuongea vizuri mmoja akiwa darini na mwingine ametazama hori. Nilimweleza habari za jua, kwamba litamchoma ngozi na baadaye litamletea saratani asipolindwa. Kofia ya ukingo mpana, nguo za mikono mirefu. Mafuta ya kujikinga yanatengenezwa hapa hapa Moshi, si mbali. Na chanjo, ambazo hazingoji. Nilimwambia ukweli mwingine pia, kwamba chumba kisicho na hewa na moshi wa mkaa vinaweza kumwua mtoto mchanga bila mtu kupiga hodi. Bibi Aikande akasema, "Nilikwambia," na kutoka juu hakukuwa na ubishi.

Mwisho walipatana wao wawili, mimi nikisikiliza. Neema atakuja peke yake, bila sare, na bibi mwenyewe ndiye atakayempokea njia panda baada ya kutazama nyuma yake. Elibariki anashuka mlimani wiki hii na wageni wake. Akifika watazungumza wote watatu kama wabaki au wahame mahali ambako hakuna anayemjua Kabula. Niliuliza kama Elibariki anaweza kuaminiwa, nikajuta mara moja.

"Yeye ndiye aliyenunua komeo," Kabula alisema.

Kisha akasema, "Wewe usirudi."

"Sitarudi."

"Si kwamba nakuchukia, dada. Ni sauti yako."

"Najua."

Bibi Aikande alinisindikiza mpaka kwenye mfereji. Hakuna aliyenitazama usoni kwa wema leo, lakini hapo, mvua ikimchuruzika kwenye kitambaa, aliniambia jambo bila kuulizwa.

"Alipozaliwa na mimi nilishtuka. Sitakudanganya. Niliogopa kumshika, nikasali, nikamwambia Ruwa, Mungu wangu, hii ni nini? Halafu akakinyonya kidole changu." Akainua kile kidole akakitazama. "Nikasema basi. Mila ya kukaa ndani ipo, itatuficha kwa muda. Na ikiisha nitabuni nyingine."

Kisha akanipa ndizi mbivu kwenye mfuko. Hakusema "karibu tena."

Njiani nilipita zahanati. Sikutaka kuyasema haya kwenye simu. Niliingia na Neema chumba cha dawa, na nilipotamka neno la kwanza la maana, alinizuia kwa mkono, akaenda akafunga dirisha, akauangalia mlango, ndipo akaniambia niendelee. Kwa hilo dirisha nimemwamini. Si sana. Kiasi cha kutosha.

Bosi naye amepiga. Akauliza ilikuwaje. Nikasema nitakachoweza kumweleza nitamwambia uso kwa uso, mlango ukiwa umefungwa, yeye peke yake, na yeye asimweleze mtu. Akacheka, akauliza kama Msukuma mwenzangu alinifungukia. Nikasema mtandao unakatika.

Najua siwezi kumficha mtoto yule milele, na si haki kumficha. Mtoto anahitaji zaidi ya bibi mmoja, muuguzi mmoja na komeo. Ila kuanzia sasa kila atakayeambiwa, Kabula ndiye atakayemchagua. Hilo ndilo nitakalolipigania kwa bosi, hata akiniona nimechanganyikiwa. Na familia nyingine ya kwetu ikija mezani, sitakubali kutumwa kwa sababu ya kabila langu kabla hawajaulizwa wanataka nani abishe hodi kwao.

Na yule mwenye koti la bluu nitamuulizia kwa Neema, taratibu, bila kumshtua mtu. Kama ni jirani tu, Mungu anisamehe.

Mpaka naandika haya sijui kama mtoto yule ni wa kike au wa kiume. Sijui jina lake. Hawakuniambia, nami nilipotaka kuuliza nikaona ni afadhali kuwe na kitu ambacho hata mimi nikibanwa siwezi kukisema.